Vichache Vinavyotosha: Mhadhara kwa Wazazi wa Mtoto wa Kwanza, Singida Mjini

   

Nitaanza na hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo iliyonisukuma kusimama mbele yenu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Hiyo ni kazi kubwa ya chanjo, vyandarua, dawa za malaria, na akina mama waliokwenda kliniki jua likiwaka na mvua ikinyesha. Lakini zitazameni siku 28 za mwanzo peke yake. Mwaka 2004/05 walifariki watoto 32 katika 1,000; mwaka 2022, 24. Hapo tumesogea kidogo tu. Leo zaidi ya nusu ya watoto wetu wanaofariki kabla ya miaka 5 hawamalizi hata mwezi mmoja duniani.

Mwezi huo wa kwanza ndio mada yangu. Ninalotaka kuwaambia ni hili: mtoto mchanga anahitaji vitu vichache sana, na karibu vyote viko ndani ya uwezo wa kila nyumba ya mji huu. Kazi ngumu ya mzazi mpya ni kuvilinda hivyo vichache visizidiwe na vingi vinavyoletwa na watu wanaompenda mtoto. Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Mzazi akirudi kutoka wodini, huyu anakuja na maji ya sukari, yule na dawa ya mchango, mwingine na asali ya kumlambisha, mwingine anajua mtu anayekata kimeo. Hakuna mwenye nia mbaya. Na mama wa miaka 20, aliyechoka, mwenye mtoto wa kwanza, atawezaje kumkatalia mama mkwe? Ndiyo maana sikutaka kuzungumza na wazazi wapya peke yao. Nimeomba mje wote.

Joto

Mji wetu uko juu, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake tunaujua. Juni na Julai mtu mzima hutafuta blanketi la pili. Kichanga anazaliwa na ngozi iliyolowa, mafuta mwilini ni kidogo, na hawezi kutetemeka kama sisi ili ajipashe joto. Akipoa, nguvu ya kunyonya inaishia kupambana na baridi. Asiponyonya, sukari ya damu inashuka, naye anazidi kupoa. Mtoto anaweza kupotea hivyo huku watu wanasema amelala vizuri, hasumbui.

Kinga yake ni kifua cha mama. Mara tu anapozaliwa hukaushwa, akawekwa ngozi kwa ngozi kifuani, wakafunikwa wote wawili. Kuoga kusubiri angalau saa 24. Najua bibi wengi huona haya wageni wakimkuta mtoto bado ana ule utando mweupe mwilini. Utando huo si uchafu, unailinda ngozi yake. Mwacheni nao.

Nyumbani mvalishe kofia, soksi na nguo zinazozidi zako kwa tabaka moja, kisha mpime kwa mkono. Gusa tumbo, halafu nyayo. Kote kukiwa na joto, yuko sawa. Tumbo likiwa na joto na nyayo zikiwa baridi, mrudishe kifuani. Tumbo na nyayo zikiwa baridi, mweke kifuani, mjifunike, na muanze safari ya kituo cha afya akiwa hapo hapo.

Jiko la mkaa lisiingie chumba anacholala mama na mtoto, hata likiwa limekolea na halitoi moshi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ndicho kinachoikusanya. Watu hulala wasiamke.

Kwa mtoto njiti, kifua ni dawa hasa. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia, akaanza kuwafunga vifuani mwa mama zao. Huo ndio mwanzo wa matunzo ya kangaruu. Miaka mingi baadaye Shirika la Afya Duniani liliyapima katika nchi 5, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kwetu kazi hiyo ilifanyika Muhimbili. Watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri kwanza hali zao zitulie, vifo vyao vilipungua kwa robo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata shirika hilo likabadilisha mwongozo wake kwa dunia nzima. Ushahidi huo umetoka pia kwa mama wa Kitanzania waliokaa na watoto wao vifuani usiku na mchana. Na baba naye ana kifua. Mama akienda kuoga au kulala, vua shati, mpokee mtoto.

Ziwa

Mtoto anyonye ndani ya saa moja ya kwanza. Maziwa yale ya mwanzo, mazito na ya njano, yaani dang'a, ni machache kwa kipimo cha macho yetu, lakini tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo na kiasi hicho kinamtosha. Yamejaa kinga ya magonjwa. Wanaoyakamua na kuyamwaga kwa kudhani yameharibika wanamnyima mtoto kinga yake ya kwanza kabisa.

Kunyonyesha hufundishwa, na mama wa mtoto wa kwanza asione aibu kuomba mkunga amkalie karibu. Mlaze mtoto ubavu, tumbo lake liguse lako, pua yake ielekee chuchu. Usimsukume kisogo. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja afungue kinywa wazi kabisa, ndipo umvute kwako upesi. Mtoto ndiye anayeletwa kwenye ziwa. Akiwa ameshika vizuri, kidevu chake kimegusa ziwa, mdomo wa chini umejikunja kwa nje, na ile sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Utamsikia akimeza. Ukiumia na maumivu yasipoe, ameshika chuchu tu. Ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake, mtoe taratibu, muanze upya. Vidonda vingi vya chuchu vinatokana na hapo.

Atanyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku ni sehemu ya hesabu hiyo. Wazazi wapya huuliza: nitajuaje kama anashiba? Tazama nepi. Kuanzia siku ya 5 alowanishe nepi zipatazo 6 kwa siku, na choo chake kile cheusi cha mwanzo kiwe kimegeuka njano. Uzito kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini usipungue zaidi ya sehemu moja katika kumi ya uzito wa kuzaliwa, na mpaka wiki ya pili uwe umerudi. Kulia peke yake si ushahidi wa njaa. Nyumba nyingi zimeanza uji kwa sababu mtoto alilia jioni mbili mfululizo.

Hadi miezi 6 hahitaji kingine chochote cha kula wala kunywa isipokuwa dawa aliyoandikiwa hospitali. Hata maji hahitaji, hata kiangazi cha Oktoba, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Kila kijiko cha maji ya sukari kinachukua nafasi ya maziwa tumboni na huenda kikaingiza vijidudu. Mwaka 2022, watoto 64 katika kila 100 wa umri huo nchini walikuwa wananyonya maziwa ya mama pekee. Waliobaki ni wengi mno.

Juu ya asali naomba mnielewe. Mkoa wetu una asali nzuri na tuna haki ya kujivunia. Lakini ndani ya asali, hata iliyo safi kabisa, huweza kuwamo mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtu mzima hukimudu na tumbo la mtoto halikimudu; kikiota humo hutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Asiionje kabla ya mwaka mmoja. Na tukirudi kwenye ziwa, mama mwenye maambukizi ya VVU, anayetumia dawa zake bila kuruka, naye ananyonyesha, na mtoto hupewa dawa ya kinga na kupimwa mapema. Afuate mpango aliopewa kliniki.

Cha kupaka na cha kuacha

Kwenye kitovu hatupaki kitu. Si majivu, si kinyesi cha ng'ombe, si mate, si poda, si mafuta. Kikae kikavu na safi, nepi ifungwe chini yake, na kitaanguka chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Wazee mtakumbuka watoto waliokakamaa na kushindwa kufungua kinywa siku chache baada ya kuzaliwa. Ile ilikuwa pepopunda, na mlango wake ulikuwa kitovu. Mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba Tanzania imeutokomeza ugonjwa huo kwa mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii, kwa sindano za wajawazito na uzazi safi. Tusiurudishe kwa mikono yetu.

Wapo watakaosema: daktari anakataza vya kwetu ili alete vya kwake. Sikilizeni mifano miwili. Kisiwani Pemba, dawa ya hospitali ya kupaka kitovuni, klorheksidini, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 36,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha kwamba ilipunguza vifo kwa kiwango cha kutegemewa, kulinganisha na kitovu kilichoachwa kikavu. Dawa ya kisasa kabisa, na bado kuacha kulitosha. Mfano wa pili ni wa alizeti, zao linalotulisha hapa. Katika hospitali moja ya watoto mjini Dhaka, Bangladesh, watoto waliozaliwa kabla sana ya wakati walipakwa mafuta ya alizeti mwilini, na vifo vyao vilipungua kwa takriban robo, kwa sababu ngozi yao changa ilipata kinga. Hilo lilikuwa la njiti, mikononi mwa wauguzi, kwa mafuta yaliyoandaliwa; simwagizi mtu akapake mafuta ya kukamua. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hatuulizi kitu kimetoka kwa bibi au kwa daktari. Tunauliza kimepimwa, na mtoto amepona?

Wembe

Sasa naomba utulivu, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi wa Singida moja kwa moja.

Kichanga asikatwe. Kimeo hakikatwi: mtoto anayekohoa au asiyenyonya ana ugonjwa unaotafutiwa tiba, na wembe unamwongezea damu kuvuja na maambukizi. Yale yanayoitwa meno ya plastiki ni meno ya utotoni yakiwa bado ndani ya fizi. Mtoto anayeng'olewa hayo huwa anaharisha au ana homa, na hicho ndicho kinachopaswa kutibiwa.

Kisha lipo la lawalawa. Kwa jina hilo, miaka mingi katika mikoa ya kati, watu wameita muwasho na maambukizi ya sehemu za siri za watoto wa kike, na wakaaminishana kwamba tiba yake ni kukeketa. Lawalawa ni maambukizi. Yanatibiwa kwa usafi na kwa dawa, na zahanati inatosha. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 31 katika kila 100 wa Mkoa wa Singida wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanawake wote waliokeketwa nchini walifanyiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mwaka 1998 Bunge lilitunga sheria inayompa kifungo cha miaka 5 hadi 15 mwenye kumlea binti wa chini ya miaka 18 akasababisha akeketwe. Badala ya kuacha, baadhi ya watu wakakimbilia vichanga, kwa kuwa kichanga hawezi kusimulia. Anatoka damu, anapata maambukizi, na akifariki inasemwa alikuwa na homa.

Mama mpya, binti yako asichukuliwe kuogeshwa mahali usipomwona. Baba, hili si jambo la wanawake la kukaa nalo mbali, maana sheria haitakuuliza ulikuwa chumba gani. Nanyi bibi zangu, mnaojua ni nyumba ipi jambo hili linafanyika, ninyi ndio mnaoweza kulimaliza kuliko semina yoyote.

Macho

Kichanga hawezi kusema anaumwa, tena ugonjwa wake hukimbia. Asubuhi anakataa ziwa, jioni hali ni mbaya. Kwa hiyo mzazi ajue dalili kwa moyo. Hanyonyi, au ananyonya kidogo kuliko jana. Ana degedege. Amelegea, hajisogezi mpaka aguswe. Mwili una joto kali au umepoa. Kitovu kimekuwa chekundu mpaka kwenye ngozi, au kinatoa usaha. Anavuta pumzi kwa haraka au mbavu zinaingia ndani.

Kupumua kunahesabika. Mtoto akiwa ametulia, fungua nguo, angalia tumbo likipanda, weka saa ya simu na uhesabu pumzi zake dakika nzima. Zikifika 60 au zaidi, rudia. Zikifika tena, ondokeni. Manjano nayo hutazamwa mchana, karibu na dirisha: bonyeza paji la uso kwa kidole, achia, uone rangi ya ngozi. Manjano kidogo usoni siku ya 3 ni ya kawaida kwa watoto wengi. Yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na kwenye nyayo, ni hatari kwa ubongo na hayatibiwi kwa jua la asubuhi. Hospitali wana taa maalumu kwa kazi hiyo.

Hata asipoumwa, arudishwe kliniki siku ya 7, ya 28 na ya 42, na kadi iende naye. BCG na matone ya polio hutolewa akizaliwa. Zinazofuata ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Na kwa wanaotarajia, jifungulieni kituoni. Mwaka 2013 Dk. Georgina Msemo wa Wizara ya Afya na wenzake walichapisha matokeo ya hospitali 8 za nchi hii ambako wakunga walifundishwa kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza. Vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Dakika hiyo haingoji bajaji.

Mama na baba

Kimoja kati ya vile vichache anavyohitaji mtoto ni mama aliyelala na kula. Bibi mwenye nguvu na upendo aubebe mzigo huo: apike uji wa uwele au wa ulezi, achinje kuku, afue nepi, awapunguze wageni mlangoni, amshike mtoto aliyekwisha kunyonya ili mama apate usingizi wa saa mbili. Hiyo ndiyo maana nzuri ya arobaini, nasi tuitunze.

Mtoto atalia, na kilio huzidi kadiri wiki ya 6 inavyokaribia, kisha hupungua. Ukifika mahali unaona hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache, mwite mtu. Usimtikise kamwe, ubongo wake huvuja damu. Machozi ya mama wiki ya kwanza ni ya kawaida. Yakipita wiki mbili, akawa hataki kula wala kumwangalia mtoto, au anasema heri nisingekuwepo, ni ugonjwa. Asiambiwe ana kiburi wala ana mapepo. Apelekwe hospitali.

Waajiri nao wasikie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini muda wa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Baba ana siku 3 ndani ya wiki ya kujifungua. Ni chache. Basi zitumike nyumbani, kufua na kubeba, zisiishie kijiweni kupokea pongezi.

Nimalizie na ombi la leo hii. Watoto wengi huchelewa hospitali kwa sababu mama aliona dalili usiku, akamsubiri baba arudi safari, baba akampigia bibi, bibi akasema tungoje kuche. Kabla hamjalala, kaeni familia nzima mkubaliane nani ataitwa kwa usafiri, nauli itawekwa wapi, na nani atabaki na nyumba. Kisha mama mkwe, au mume, amwambie mama wa mtoto kwa kinywa chake, wote wakisikia, kwamba siku atakapoona mtoto hanyonyi aondoke naye saa hiyo hiyo, na hana haja ya kumwomba ruhusa mtu yeyote.